Tumevalishwa Kofia, Nyundo Haijafungwa

Haya wadau, leo naomba tupumzike kidogo na siasa. Najua kuna watu wamezoea kuja hapa kutafuta nani kasema nini bungeni, na leo watakuta habari za nyundo. Mnisamehe. Nyundo nazo zina siasa zake, na ukivumilia utaona zinamgusa mwenye nyumba, mkandarasi, ofisi ya serikali, na wewe unayepita chini ya ghorofa ukiwa na simu sikioni.

Hoja yangu ni fupi. Kwenye ujenzi wa hapa Dar es Salaam tumejifunza kumvalisha mtu kofia ngumu, lakini hatujajifunza kukifunga kile kitu kitakachompiga. Kofia imegeuka kuwa ndiyo usalama wenyewe. Kiongozi akija kukagua mradi anavalishwa kofia mpya, nyeupe, bado ina harufu ya dukani. Sisi waandishi tunagawiwa zilizobaki, na kwa kuwa hazitoshi, wengine tunabaki kichwa wazi na kinasa sauti mkononi. Muda huo huo ghorofa ya sita kuna kijana kakaa juu ya boriti. Nyundo kaichomeka nyuma kwenye mkanda wa suruali, tindo iko mfukoni imechungulia nusu, na plaizi imelala juu ya ubao wa jukwaa, peke yake, inasubiri tu mtu aiguse na kidole cha mguu.

Kazi yangu inanipeleka saiti mara kwa mara (saiti ndilo neno, ukisema "eneo la ujenzi" mafundi wanajua papo hapo kwamba wewe ni mtu wa kiyoyozi). Siku ukipata nafasi, simama nusu saa, usimsikilize anayehutubia, angalia juu tu uone zana zinavyosafiri. Nyundo haipandi ngazi. "Nirushie!" anasema aliye juu, saidia fundi wa ghorofa ya chini anairusha, mwenzake anaidaka. Wanadaka vizuri mno, kuna makipa wa ligi yetu wangepaswa kwenda kujifunza pale. Spana inarushwa. Pimamaji inarushwa. Bisibisi inarushwa, tena mara nyingine ncha mbele.

Halafu kuna siku moja haidakwi.

Tukumbushane fizikia ya sekondari. Chukulia kila ghorofa ina kimo cha mita tatu hivi. Nyundo ikichomoka mita 20 juu, yaani kama ghorofa ya saba, inafika chini kwa sekunde mbili tu, na inapofika inakwenda kilometa 70 kwa saa. Huo ni mwendo wa daladala Barabara ya Morogoro usiku, foleni ikiwa imeisha. Ongeza ifike mita 30 na inakaribia kilometa 90. Katika sekunde hizo mbili aliyeiangusha anatakiwa agundue, avute pumzi, apige kelele. Aliye chini akisikia kelele anafanya nini? Anatazama juu. Kila binadamu anatazama juu. Kwa hiyo ile "Angalieni chini huko!" tunayoitegemea kama ndiyo kinga, kazi yake kubwa ni kumwandaa mtu apigwe usoni badala ya utosini.

Kofia ngumu ni kinga ya mwisho, sio ya kwanza. Ukiona kofia imefanya kazi, ujue vingine vyote vimeshashindikana: nyundo imeshachomoka, imeshapita katikati ya mirunda, imeshakukuta. Na kofia inalinda kichwa tu, bega na shingo havimo. Tena wenye kofia ni wale walio ndani ya uzio wa mabati. Kariakoo jengo linapandishwa mpaka ukingoni kabisa mwa kiwanja, na nje ya yale mabati yuko muuza matunda, yuko bodaboda anayesubiri abiria, yuko mama ntilie na sufuria lake la maharage. Hao hawajagawiwa kofia na mtu yeyote.

Nitoke nje ya nchi kidogo, kwa sababu huko kuna tukio lililoandikwa vizuri na linaonesha jambo moja ambalo mafundi wetu nao wangelitambua. Tarehe 3 Novemba 2014, Jersey City, Marekani, upande wa pili wa mto kutoka New York. Mwanamume wa miaka 58 alikuwa amepeleka mzigo kwenye jengo refu linalojengwa. Juu kabisa, ghorofa ya 50, fundi mmoja alikuwa na tepu ya kupimia, kaibana kwenye mkanda kama wafanyavyo mafundi dunia nzima. Tepu ikachomoka. Ikaanguka zaidi ya mita 100, ikagonga kitu cha chuma njiani, ikabadili njia, ikampiga kichwani yule aliyeleta mzigo. Hakuwa amevaa kofia. Alikufa siku ile ile. Tepu yenyewe ilikuwa na uzito wa kama nusu kilo.

Watu wakisikia kisa hicho wanakimbilia kwenye kofia: angevaa, angepona. Inawezekana. Mimi kinachonikaa kichwani ni ile tepu. Fundi hakuiacha ovyo ukingoni. Aliibana kiunoni kwake, mahali anapoweza kuifikia bila hata kuangalia. Ilikuwa karibu na mkono, ila haikuwa imefungwa. Kibanio ni kibanio tu, kinashika siku ukiwa umesimama wima, ukiinama au ukijipenyeza kati ya nondo mbili kinaachia. Na kitu kile kile kilichomsaidia fundi kufanya kazi haraka ndicho kilichomuua mtu ambaye huenda hawakuwahi hata kuonana.

Halafu ona hilo la kugonga chuma na kubadili njia. Saiti zetu zikijitahidi sana zinavuta utepe mwekundu na mweupe mita mbili kutoka ukutani, basi, eti ndiyo eneo la hatari. Kitu kinachoanguka kwenye jengo lenye mirunda, nyavu na nondo zilizochomoza hakishuki kwa timazi. Kinagonga, kinaruka, kinaishia barabarani.

Kisa cha pili ni cha zamani zaidi, na wengine mtasema natia chumvi. Damascus. Sio ile ya Syria, ni kijiji cha jimbo la Arkansas, Marekani. Tarehe 18 Septemba 1980 wanajeshi walikuwa wanafanya matengenezo ndani ya shimo la kombora la nyuklia, aina ya Titan II. Soketi ya spana ikachomoka kwenye mpini, kichuma cha kilo tatu na nusu hivi, ikaanguka zaidi ya mita 20, ikadunda, ikatoboa tangi la mafuta ya kombora. Mafuta yakavuja kwa saa kadhaa. Usiku wa manane kuamkia tarehe 19 shimo likalipuka, askari mmoja akafa na wengine kadhaa wakajeruhiwa, na kichwa cha nyuklia kikarushwa nje ya shimo. Bahati ya Arkansas ni kwamba hakikulipuka.

Siwalinganishi mafundi wa Kariakoo na jeshi la anga la Marekani. Ninachokichukua pale ni kitu kidogo cha kifundi: kilichoanguka hakikuwa spana nzima, kilikuwa kipande cha spana. Zana yenye vipande viwili ina vitu viwili vya kuanguka. Sasa fikiria nyundo zetu. Ni ngapi zenye mpini wa asili? Mpini ukivunjika fundi anachonga mwingine wa mti wowote ule, anaushindilia na kipande cha mpira wa baiskeli au msumari, kazi inaendelea. Jua likipiga mti unakauka, kichwa kinaanza kucheza. Hata ukiifunga nyundo hiyo kamba kwenye mpini, siku ya siku unabaki umeshika kamba na mpini, kichwa kimeshaondoka zake.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Kwa nini hazifungwi?

Jibu la ofisini ni moja, nimelisikia mara nyingi kwenye semina zenye chai na sambusa: uzembe, mafundi wetu hawana elimu ya usalama. Jibu hilo ni tamu kwa sababu halimgharimu mtu kitu. Ukiliamini unaandaa semina nyingine.

Nenda kaongee na mafundi wenyewe uone. Kwenye saiti nyingi za hapa fundi anakuja na zana zake. Nyundo ni yake, tindo ni yake, mwiko ni wake, akijitahidi na grenda ni yake, kanunua kwa kudunduliza miezi. Anazibeba kwenye kiroba asubuhi na kurudi nazo jioni, ndani ya daladala, akitukanwa na konda kwamba kiroba chake kinachukua nafasi ya abiria. Akiziweka chini akapanda juu, akishuka hazipo. Hakuna stoo ya kuaminika, au ipo na ufunguo anao mtu aliyekwenda kula. Kwa hiyo fundi anafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: anazivaa. Zote. Kiunoni, mfukoni, nyingine kaziweka pembeni pale alipokaa ili aone kila anayezisogelea. Ile plaizi niliyosema imelala ukingoni mwa jukwaa haikuwekwa pale na mjinga. Imewekwa pale na mtu aliyeibiwa plaizi mwezi uliopita.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ambayo kwenye semina yanasemwa kana kwamba ni matatu: zana isiibiwe, zana isianguke, zana iwe karibu na mkono. Kwa fundi ni jambo moja. Anatatua la kwanza na la tatu kwa gharama ya la pili, kwa sababu la pili haliumizi mfuko wake leo. Ongeza malipo. Wengi wanalipwa kwa siku au kwa kipimo cha kazi, kwa hiyo kila dakika ya kushuka kufuata bisibisi ni hela yake. Ndiyo maana ya "nirushie". Na asiporushiwa anatumia kilichopo: anapigilia msumari kwa plaizi, anakaza nati kwa spana malaya isiyoshika vizuri, anajivuta nje ya jukwaa kwa mkono mmoja ili asishuke. Zana iliyo mbali inaangusha mtu, na zana iliyo karibu bila kufungwa inaangukia mtu.

Na hapa ndipo ninapogombana na makandarasi. Ile desturi ya kusema "fundi aje na vifaa vyake" inaonekana kama mpango mdogo wa kazi. Kumbe ni namna ya kuhamisha wajibu. Kama nyundo ni ya fundi, basi kamba ya nyundo nayo ni ya fundi, mkanda ni wa fundi, na nyundo ikianguka ni uzembe wa fundi. Mwenye jengo yuko safi, mkandarasi yuko safi. Anayepokea shilingi chache kwa siku ndiye kabeba usalama wa mtaa mzima kwenye mfuko wa nyuma wa suruali ya mtumba.

Kinachonichekesha ni kwamba elimu hii tunayo, hatukuhitaji kuiagiza. Pita kwenye geti la saiti hiyo hiyo uone mlinzi, mara nyingi ni ndugu yetu wa Kimasai. Sime yake iko wapi? Ndani ya ala, na ala imefungwa kiunoni. Anaweza kukimbia, kuinama, kuruka mtaro, sime haitoki mpaka yeye aitake, na akiitaka haichukui hata sekunde. Imefungwa na iko karibu. Juu ya kichwa chake, ghorofa ya sita, nyundo imechomekwa kwenye mkanda wa suruali kama simu.

Au nenda pwani umwangalie mgema. Mnazi mrefu unafika mita 20 na zaidi, yaani ile ile ghorofa ya saba yetu. Mgema anapanda bila kiunzi, bila wavu, bila bango la Usalama Kwanza, na mikono yote miwili inahitajika kushika mti. Kotama na kibuyu vinapanda naye vikiwa vimefungwa kiunoni, na akimaliza kugema vinarudi hapo hapo. Na mkwezi wa nazi, kabla ya kuangua, hakikisho lake la kwanza ni nani yuko chini. Watoto wanafukuzwa, kuku wanafukuzwa. Anajua kwamba chochote kilicho juu kina haki ya kuja chini.

Mafundi wa umeme wanaopanda nguzo nao wana utamaduni huu: mkanda wenye mifuko, na kitu kikubwa kinavutwa kwa kamba, hakirushwi. Kwa hiyo asije mtu akaniambia Mtanzania hawezi kuzoea. Tunachokosa ni mtu wa kuamua kwamba fundi ujenzi naye anastahili mkanda.

Hebu tuseme ni vitu gani hasa, maana maneno matupu hayafungi nyundo. Cha kwanza ni mkanda wenye mifuko ya kina na vitanzi, sio kibanio. Cha pili ni kamba fupi, upande mmoja kwenye zana na mwingine kwenye mkanda, urefu unaotosha mkono kunyooka na usiozidi hapo. Ikiwa ndefu itakunasa mguuni, na zana ikiteleza inapata mwendo kabla kamba haijakaza. Dukani ziko za mpira unaovutika na zenye kulabu za mdomo unaojifunga. Mwaka 2018 Marekani ilitoa kiwango maalumu cha vifaa vya namna hii, kwamba kila kamba ijaribiwe na iandikwe inabeba uzito gani (fikiria, binadamu amepanda na nyundo karne na karne, kiwango cha kuifunga kimeandikwa juzi). Kamba ya manila ya kukata haina hakikisho hilo, lakini ikiwa nzima, ikafungwa kwenye tundu la mpini na sio kuzungushiwa tu, ni bora mara elfu kuliko mfuko wa nyuma.

Kuna sehemu ya kuwa makini. Zana nzito haifungwi kwenye mwili wa mtu. Nyundo kubwa ya kuvunjia ukuta, au drili kubwa, ikianguka ikiwa kwenye mkanda wako inakuvuta na wewe. Hiyo inafungwa kwenye jengo au kiunzi kilichoshikwa imara. Na grenda, au chochote kinachozunguka, kamba iwe upande wa mkono, mbali na jiwe, isije ikajisokota.

Vingine havihitaji hata duka. Ndoo ya rangi ya lita 20, kamba na roda: hapo "nirushie" imekufa, zana zinapanda kwa ndoo, na hazijazwi mpaka mdomoni. Ubao wa ukingo kwenye jukwaa, sentimita 15 kwenda juu, ili plaizi ikiguswa na mguu iishie kwenye ubao. Mbao hizo zipo pale pale saiti, zimelala, zinasubiri kuchomwa kupikia. Na sanduku lenye kufuli kwenye kila ghorofa inayofanyiwa kazi, ufunguo kwa fundi mwenyewe. Naamini sanduku hilo litazuia vitu vingi kuanguka kuliko mabango yote ya usalama, kwa sababu linamwondolea fundi sababu ya kuvaa duka zima la vifaa mwilini.

Jioni zana zihesabiwe. Kwenye matengenezo ya ndege kila spana ina kivuli chake kilichochorwa kwenye ubao, na kivuli kikibaki wazi ndege haiondoki mpaka spana ipatikane. Chumba cha upasuaji nako, ile orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 inataka vifaa, pamba na sindano vihesabiwe kabla mgonjwa hajatolewa. Saiti zetu tunahesabu mifuko ya saruji tu, tena kwa sababu inaibiwa.

Na sheria? Sheria ipo, msije mkadhani tunasubiri bunge. Tuna Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, tangu mwaka 2001, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi namba 5 ya mwaka 2003. Sheria hiyo inamtaka mwajiri afanye mahali pa kazi pawe salama. Zaidi ya hapo, na hili ndilo wengi hawalijui, inataja mwanzoni kabisa kwamba lengo lake ni pamoja na kuwalinda watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na kazi za wengine. Yaani mama ntilie na maharage yake yumo ndani ya sheria. Shirika la Kazi Duniani nalo, kwenye mkataba wake namba 167 wa mwaka 1988 unaohusu ujenzi, halikuishia kwa watu kuanguka, liliziweka na zana humo humo: hatua zichukuliwe ili visianguke vyote viwili.

Baada ya ajali pia kuna kitu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, unachangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi. Ni jambo jema. Ila kama jina lake linavyosema, ni wa wafanyakazi. Mpita njia aliyepigwa na tindo hayumo. Yeye atajuana na mahakama, kama ana nauli ya kwenda na kurudi na wakili wa kumsemea.

Kwa hiyo kila kitu kipo kwenye karatasi, kinachokosekana ni jicho linaloangalia juu. Mkaguzi anaweza kuhesabu kofia akiwa getini. Kuona kama nyundo imefungwa inabidi apande.

Na sisi wa magazeti tuna sehemu yetu hapa. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lilipoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu zaidi ya 30, tuliandika wiki nzima. Novemba 16, 2024 Kariakoo, vivyo hivyo, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, na nchi nzima ikasimama. Ilikuwa sahihi. Lakini spana iliyomvunja mtu bega haina picha. Mhariri atakuuliza, wamekufa wangapi? Hakuna. Basi. Inaingia kwenye aya moja ukurasa wa ndani, na mara nyingi haiingii kabisa, na kesho yake mtu huyo huyo amefunga bega kwa khanga anatafuta nauli ya kwenda hospitali. Kitu kisichoandikwa mkandarasi hakiogopi. Ningependa siku moja kwenye ziara ya mradi, badala ya kuuliza "mradi umefikia asilimia ngapi," swali ambalo majibu yake wote tunayajua, mmoja wetu aulize nyundo zimefungwa na nini.

Mwisho nije kwako, msomaji. Najua wengi wenu mnaosoma hapa mmeshanunua kiwanja, au mnakopa mkanunue. Goba, Kibada, Bunju, Madale. Mnajenga kwa kuvizia, msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, na siku hizi kila mtu anataka kighorofa kimoja ili aonekane na majirani. Kwenye saiti hiyo hakuna mkaguzi na hakuna bango. Mkandarasi ni wewe. Unaponunua nondo na saruji, tia kwenye orodha mita kumi za kamba, kulabu chache, ndoo mbili na sanduku lenye kufuli. Kwenye gharama za nyumba hutaviona. Na mnapopatana bei ya kazi, sema mapema kwamba hakuna kurusha zana, na kwamba muda wa kuvuta ndoo unaulipia wewe. Usipolisema hilo la malipo, mengine yote atayaacha siku ya pili, na mimi sitamlaumu.

Watakucheka. Mimi nimechekwa tayari. Wiki iliyopita nilimpelekea habari hizi fundi anayemalizia nyumba ya mjomba wangu Kibada, nikamwonesha na kamba. Aliigeuza geuza, akaijaribu kiunoni, akakubali kwamba atafunga. Ila akasema mjomba amnunulie kwanza mpini mpya wa nyundo, maana huu wa sasa kichwa kinacheza.